Ninataka kuacha tramadoli, lakini siku ya pili hunishinda

SWALI

Hamjambo wahariri wa afya. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kariobangi, nina miaka 38, mke na watoto wawili. Miaka miwili na nusu iliyopita niliumia mgongo nikiinua geti, na daktari akaniandikia tramadoli, kapsuli ya miligramu 50 mara tatu kwa siku. Muda alioandika daktari uliisha lakini mimi sikuacha, nikawa najinunulia kwa chemisti. Sasa nameza nane kwa siku, na siku ya kazi nzito kumi. Usiku nameza pia amitriptilini ya miligramu 25 niliyopewa kliniki nyingine kwa sababu ya usingizi.

Mwezi jana niliamua kuacha mara moja. Siku ya kwanza nilistahimili. Ya pili nilipiga miayo bila kukoma, pua ikachuruzika, nikaharisha, miguu ikakataa kutulia, na ngozi ikawa inachomachoma kama nimeguswa na waya wa stima. Usiku nikasikia watu wakiongea mlangoni na hapakuwa na mtu. Mgongo uliniuma kuliko siku niliyoumia. Asubuhi nikameza nne, na saa moja baadaye nilikuwa mzima. Wiki mbili zilizopita nilianguka kazini nikatikisika, wenzangu wakasema nilitoka povu, lakini nilikunywa soda nikaendelea na kazi.

Mke wangu anasema ni pepo, anataka kuzimwaga zote. Rafiki amenielekeza kwa kituo nje ya mji kinachosafisha damu kwa dripu siku tano. Mwingine anasema nimeze Valium wiki nzima nilale tu. Je, naweza kuacha nikiwa nyumbani? Nifuate hatua gani? Na mwajiri nimwambie nini?

Fundi, Kariobangi

JIBU

Ndugu Fundi,

Kuna sentensi moja uliyoipita mbio, nasi tunaanza nayo: ulianguka ukatikisika ukatoka povu. Hicho kihesabu kuwa kifafa kilicholetwa na dawa hadi daktari aseme vingine. Tramadoli ina kikomo cha miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini na figo nzima. Kapsuli nane za 50 zimeshafika hapo, kumi ni 500. Kadiri kipimo kinavyopanda ndivyo ubongo unavyokaribia kutikisika, na amitriptilini ya usiku inausogeza karibu zaidi. Soda haikukuponya. Kifafa cha namna hiyo hukoma chenyewe baada ya dakika chache, na kinaweza kurudi chenyewe pia.

Kwa hiyo dawa hii unaweza kuiteremsha ukiwa nyumbani, lakini kazi hiyo haianzii nyumbani. Kesho asubuhi nenda hospitali. Mama Lucy Kibaki haiko mbali nawe. Mweleze daktari mambo manne bila kupunguza hata moja: idadi halisi ya kapsuli, amitriptilini, kifafa, na sauti ulizozisikia siku ulipoacha. Usione haya kutaja kumi. Ukisema tano, atapanga hesabu ya mtu wa tano, na wewe ndiye utakayeumia. Beba paketi tupu za dawa zote mbili. Mwombe akupime sukari, sodiamu ya damu, figo na ini, kwa sababu tramadoli inaweza kushusha sukari na sodiamu, na kila moja kati ya hizo ikishuka sana huleta kifafa peke yake.

Hadi umwone, kumi zisiwepo tena. Meza mbili kila baada ya saa sita, usizirundike asubuhi ili zikubebe kazini. Usiache ghafla. Amitriptilini usiiongeze hata moja. Huenda daktari akaanza kwa kuiondoa hiyo kabla ya kugusa tramadoli. Mashine ya kuchomelea usiishike, ngazi usipande, pikipiki usiendeshe, na ukioga usifunge mlango kwa ndani. Ukitikisika tena, mke wako akulaze ubavu, asikutie kijiko wala kidole mdomoni, na apige 999 au 112. Vivyo hivyo ukipata homa, jasho jingi, misuli kukakamaa na akili kuchanganyikiwa kwa pamoja: hiyo ni serotonini, kemikali ya ubongo, iliyozidi, na si jambo la kusubiri asubuhi.

Sasa tueleze kilichokupata siku ya pili, maana ukikielewa utajua kwa nini kituo cha siku tano hakiwezi kukusaidia.

Tramadoli ni dawa mbili ndani ya kapsuli moja. Upande mmoja ni wa jamii ya afyuni: ini huibadilisha, nayo hukalia vipokezi vilevile vinavyokaliwa na mofini, ingawa kwa nguvu ndogo. Upande wa pili hufanya kazi kama dawa za sonona, huzuia serotonini na kemikali nyingine ya ubongo, noradrenalini, zisirudishwe kwenye neva. Anayeiacha ghafla hupata arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa dawa uliyoizoea, mbili kwa wakati mmoja. Miayo, kamasi, vinyweleo kusimama, kuhara na miguu kukosa utulivu ni arosto ya afyuni. Ngozi kuchomachoma kama umeme, hofu ya ghafla na kusikia watu wasiokuwepo ni ya upande wa pili. Si kila mtu huipata hii ya pili, lakini wanaotibu uraibu wanaifahamu vizuri. Mwambie mke wako, kwa heshima yote, kwamba sauti zile zina jina hospitalini. Maombi yaendelee, hayagombani na mpango wa daktari.

Arosto ya tramadoli kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kapsuli ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili hadi ya nne, na makali yake hupungua ndani ya siku saba hadi kumi. Usingizi na furaha huchelewa kurudi, wiki kadhaa, wakati mwingine miezi.

Angalia hapo jambo moja. Tramadoli yenyewe hutoka mwilini upesi. Kila baada ya saa sita hivi nusu ya iliyomo huwa imekwisha, na kufikia siku ya pili au ya tatu hubaki kidogo mno. Yaani usiku ule uliposikia watu mlangoni, damu yako ilikuwa karibu safi. Hakukuwa na sumu ya kuoshwa. Kinachotesa ni neva zilizojipanga upya kwa miaka miwili na nusu zikiitegemea dawa. Kituo kimoja cha ubongo kinachotoa noradrenalini kilikuwa kimebanwa na dawa. Kizuizi kikiondoka ghafla, hufurika. Jasho, mapigo ya kasi, presha kupanda, kukosa usingizi, vyote hutoka hapo. Dripu ya glukosi na vitamini haifiki huko. Inamfaa mtu aliyeharisha hadi akakaukiwa, basi. Neva zinahitaji muda wa kujipanga tena, na muda haununuliwi kwa chupa tano za dripu.

Hatusemi vituo vyote ni vibaya. Kabla ya kulipa shilingi yoyote, uliza nani yuko zamu saa nane usiku, daktari, afisa wa kliniki au mlinzi tu? Presha hupimwa mara ngapi siku tatu za mwanzo? Mtu akitikisika hufanywa nini, na hospitali ya karibu ni ipi? Wana usajili wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya? Baada ya kutoka nani atakufuatilia, kwa miezi mingapi? Kituo kinachokunyang'anya dawa zote mlangoni, pamoja na za presha au kifafa, kisha kukufungia chumbani, usiingie. Usikubali pia mtu akulaze kwa dawa ya usingizi wa upasuaji ili akupitishe arosto ukiwa hujitambui. Watu wamekufa kwa njia hiyo, na walioamka hawakuwa na nafuu zaidi ya wengine.

Valium ya rafiki yako ni hatari zaidi ya anavyodhani. Ikichanganywa na tramadoli, zote mbili hupunguza pumzi. Ukiinywa kila siku kwa wiki kadhaa, nayo hukufunga, na kuacha Valium au pombe ghafla kunaweza kuua kwa kifafa. Hospitalini hutumika siku chache, kwa sababu maalumu, chini ya macho ya mtu.

Hatua sasa. Mpango huu mpelekee daktari auridhie au aubadilishe. Kwa kuwa umeshatikisika, anaweza kuamua siku za mwanzo ulazwe. Akisema hivyo, kubali.

Mahali pa kuanzia ni 400, yaani mbili alfajiri, mbili mchana, mbili jioni, mbili usiku. Kaa hapo hadi siku zote zifanane, bila siku ya nane na siku ya kumi. Wengi hushindwa kwa kuruka hatua hii. Mwili ambao haujui kesho utapata ngapi huwa katika arosto ndogo kila siku.

Halafu punguza kapsuli moja kila wiki mbili. Anza na ya mchana, maana mchana una shughuli za kukusahaulisha, kisha ya jioni. Za alfajiri na za kulalia ziguse mwisho. Itakuwa 350, 300, 250, 200, 150, kisha 100. Hizo ni hatua sita, wiki 12. Ukifika kapsuli tatu kwa siku, zipange kila baada ya saa nane.

Kutoka 100 kwenda chini ndiko watu huangukia, na sababu yake ni hesabu. Kutoa moja kati ya nane ni kupunguza asilimia 12.5, kutoa moja kati ya mbili ni nusu nzima. Mwili huhesabu sehemu, hauhesabu vidonge. Kwa hiyo hapo hatua ziwe za miligramu 25: 75, 50, 25, kisha sifuri, wiki mbili kila moja. Kapsuli usiifungue ukagawa unga kwa macho. Mwombe daktari na mfamasia wakutafutie vidonge vya 50 vyenye mstari wa kugawia au dawa ya matone. Vile vya kutoa dawa polepole siku nzima havikatwi wala havisagwi, kwa sababu hukumwagia kipimo cha siku nzima kwa saa moja.

Jumla ni wiki 20. Utaona ni nyingi. Umeitumia dawa hii zaidi ya wiki 120, na mwendo huu kwako hata una kasi kidogo: kwa mtu aliyetumia zaidi ya mwaka, madaktari wengi hupunguza asilimia 10 kwa mwezi. Daktari akikupa muda mrefu zaidi, chukua.

Hatua ikikulemea, kaa pale ulipo wiki moja au mbili zaidi, lakini usipande kurudi juu. Ukisahau kapsuli usimeze mbili kwa pamoja. Na usipunguze hatua wiki yenye msiba, safari au kazi ya usiku kucha. Ahirisha kwa siku saba, hakuna kilichoharibika.

Kila ukishuka hatua, siku ya pili hadi ya tano zitakuwa na ukali kidogo. Daktari anaweza kukuandikia klonidini, ambayo huzuia ile noradrenalini isifurike. Kwa kawaida huanza na miligramu 0.1, na presha hupimwa kabla ya kila kidonge. Ikiwa chini ya 90/60 hakimezwi. Hushusha presha hadi mtu akaanguka akisimama ghafla, na ikitumika siku nyingi haiachwi kwa mkupuo. Amitriptilini huidhoofisha, sababu nyingine ya kutoficha kile kidonge cha usiku. Ya kichefuchefu achague yeye, kwa sababu baadhi hazifai kwa mtu aliyepata kifafa.

Kuhara kunapoanza, kunywa maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Arosto ya afyuni yenyewe si kawaida kuua, lakini kutapika na kuhara bila kurudisha maji kumeua watu waliofungiwa mahali bila msaada. Loperamidi inasaidia: vidonge viwili vya miligramu 2 mwanzo, kisha kimoja kila baada ya choo chepesi, visizidi vinne kwa siku bila ruhusa ya daktari. Wapo wanaomeza makumi ili ichukue nafasi ya tramadoli. Kwa wingi huo huvuruga mapigo ya moyo hadi moyo kusimama.

Usingizi utakutesa, na utashawishika kumeza Piriton. Usimeze. Dawa za mzio za kulaza huzidisha ile hali ya miguu kukataa kutulia. Afadhali maji ya moto kwenye karai hadi magotini dakika 20, kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, chai na kahawa zikome saa sita mchana, na ukikosa usingizi amka ukae sebuleni badala ya kupigana na kitanda.

Mgongo sasa. Kuna mtego hapa ambao umewarudisha wengi kwenye dawa. Arosto huongeza maumivu, na hata kabla ya kuacha, kutumia dawa za jamii hii kwa muda mrefu kunaweza kuzifanya neva zihisi maumivu makali kuliko jeraha lenyewe. Kwa hiyo mtu hushuka hatua, mgongo unawaka, naye anaamua kwamba bado anaihitaji dawa. Tofautisha hivi: maumivu ya arosto huenea, mifupa yote, mapaja, taya, huja pamoja na miayo na kamasi, na hupungua wiki ya kwanza ikiisha. Ya mgongo wenyewe hukaa mahali pake na hubadilika ukiinama au ukiinua. Kwa hayo tumia parasetamoli gramu 1 hadi mara nne kwa siku, isizidi gramu 4, na ukiwa huna vidonda vya tumbo wala tatizo la figo, ibuprofeni baada ya chakula. Mwombe daktari akupeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia tangu wiki ya kwanza, misuli ya mgongo ipate nguvu wakati dawa inashuka. Miguu ikifa ganzi, sehemu za siri zikikosa hisia, au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hiyo si arosto.

Mke wako asimwage dawa. Akizimwaga leo usiku, keshokutwa utakuwa pale pale pa mwezi jana, safari hii ukiwa mtu aliyekwisha kuanguka kifafa. Mpe kazi kubwa zaidi: azifungie kabatini, na kila jioni akuhesabie za kesho ndani ya kichupa. Mkubaliane wakati mmetulia, si siku mnapogombana. Nunua duka moja tu la dawa, kwa cheti cha daktari mmoja, ili hesabu isipotee. Na zikae mbali na watoto, maana kapsuli chache zinaweza kusimamisha pumzi ya mtoto.

Na mke wako ajue hili kuliko yote, nawe ulishike. Mtu akikaa wiki chache bila dawa, mwili husahau uvumilivu wake. Zile nne ulizomeza asubuhi ukapona zinaweza siku hiyo kukupunguzia pumzi, na nane zikakuua, hasa ukiwa umekunywa pombe. Hatari ya kufa kwa dawa za jamii hii hupanda sana baada ya kusafishwa, siku mtu anapoteleza mara moja. Ukiteleza, usijifungie ndani peke yako kwa aibu; mwambie mtu, mpigie daktari wako, muanze kutoka hapo. Dalili za kutisha ni pumzi za polepole, mkoromo wa ajabu, midomo kuwa ya samawati, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na mtu kutoamka akiitwa kwa nguvu. Mke wako akulaze ubavu, aite msaada, na pumzi zikikoma aanze kukupulizia mdomoni hadi wafike.

Ukijaribu kushuka mara mbili kwa utaratibu huu na ikashindikana, hujashindwa wewe. Ni njia inayopaswa kubadilishwa. Hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika, imekuwa ikitoa methadoni, dawa ya jamii ya afyuni inayochukua nafasi ya ile uliyoizoea, tangu Desemba 2014. Wengi wanaoinywa pale walitoka kwenye heroini, lakini wahudumu wake wanajua arosto ya aina zote. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, kwa kipimo kidogo kinachopandishwa taratibu kwa sababu hujikusanya mwilini, na moyo hupimwa kwa kipimo cha umeme. Ipo pia buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo. Hiyo haianzwi hadi arosto ionekane waziwazi. Ikitangulia, huisukuma dawa ya awali kutoka kwenye vipokezi na kukuletea arosto kali ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana usikubali ya kununuliwa mtaani. Ukitaka mtu wa kuongea naye kwa siri, NACADA wana nambari ya bure, 1192.

Mwajiri mwambie kwamba ulianguka kwa kifafa ukiwa kazini, na daktari amekuzuia kushika moto, kupanda ngazi na kuendesha hadi akuruhusu. Tramadoli si lazima uitaje. Peleka barua ya hospitali, na uombe kazi za chini kwa sasa: kupima, kuchora mikato, kupaka rangi, kuhesabu mali. Mwenzako mmoja pale karakana, yule unayemwamini, mfundishe jinsi ya kukulaza ubavu.